Maji Yatoke Upesi: Kisa cha Paili na Mifereji Wima Karibu na Mdomo wa Sabaki

Ugomvi ulianzia kwenye makadirio ya gharama. Mwenye mradi, mzee wa Malindi aliyekula umri wake kwenye biashara ya samaki, alikuwa anajenga ghala la baridi lenye mtambo wa barafu kaskazini mwa mji, njia ya kuelekea Mambrui, kwenye mchanga ule unaoletwa na Mto Sabaki. Jengo lenyewe si kubwa. Chini ni ukumbi wa kupokelea samaki na vyumba vya baridi, juu ni ofisi, na kwenye kona ya upande wa bahari kuna mnara wa zege uliobeba tangi la maji. Mhandisi kijana aliyechora msingi aliweka paili, yaani nguzo ndefu za msingi, za zege za kupigwa kwa nyundo, kipenyo milimita 400, zishuke hadi kwenye mwamba wa matumbawe. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye mstari wa chini yake: mifereji wima ya kutolea maji, mita 1.5 kutoka mmoja hadi mwingine, kiwanja kizima. Mzee aliukata mstari huo kwa kalamu nyekundu, kijana akagoma kutia sahihi, nami nikaitwa niamue.

"Injinia," mzee alianza hata kabla chai haijamiminwa, "mimi nimezaliwa Malindi, nimezeekea Malindi, na inshallah nitazikwa hapa hapa. Tetemeko la kuangusha nyumba nalisikia redioni tu. Sasa huyu mwanangu anataka nizike mabomba yenye matundu ardhini, nisubiri tetemeko la Japani lije Malindi?"

Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa adabu, maana wahandisi wengi hulijibu kwa kutisha watu. Pwani ya Kenya si Japani. Tetemeko kubwa linalotajwa nchini ni la Subukia, tarehe 6 Januari 1928, ukubwa wa karibu 6.9, na Subukia iko Bonde la Ufa, mbali na bahari. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1973 inayohusu matetemeko iliigawa nchi kwa kanda, na Bonde la Ufa ndilo lililopewa mzigo mzito. Hata hivyo bahari yetu haijalala kabisa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari upande wa Tanzania. Dar es Salaam watu walitoka nje ya maghorofa, na Mombasa lilisikika. Na usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 2006, eneo la Machaze nchini Msumbiji lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7, mahali ambapo wachache sana wangelitarajia. Huko mchanga uliojaa maji uliyeyuka na kububujika juu ya ardhi sehemu nyingi. Machaze ni mbali na Malindi, ila iko kwenye ncha ya kusini ya mfumo ule ule wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Kwa hiyo nilimwambia: "Mzee, hatari ni ndogo, lakini ipo. La kuulizana ni hili: likija, mchanga wako utafanya nini, na kuuzuia kunagharimu kiasi gani?"

"Haya," akasema, "nieleze mchanga wangu."

Mchanga hubeba mzigo kwa sababu chembe zake zimeegemeana. Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa, chembe hutaka kujipanga upya na kubanana zaidi, lakini haziwezi kubanana bila kuyasukuma nje maji yaliyo katikati yake. Maji nayo, kwa sekunde chache zile, hayana pa kwenda. Shinikizo lake hupanda kila mtikiso. Kadiri linavyopanda ndivyo chembe zinavyoachiliana, na shinikizo likifikia mzigo wote ambao chembe zilikuwa zimebeba, mchanga huyeyuka na kuwa kimiminiko kizito. Kwenye kiwanja hiki tulipiga hesabu ya kina cha mita 6, maji yakiwa mita 1.5 chini ya uso wa ardhi. Uzito wote wa udongo hapo, kwa kipimo cha shinikizo, ni karibu kilopaskali 111. Katika hizo, maji yanabeba 44 na chembe zinabeba 67. Hizo 67 ndizo akiba yote. Maji yakiongeza shinikizo la 67 juu ya lile la kawaida, hakuna tena mchanga wa kushika kitu.

Paili hupata tabu hapo, hata kama ncha yake imekaa vizuri juu ya mwamba. Siku zote paili hushikiliwa ubavuni na mchanga. Mchanga ukiyeyuka, inabaki nguzo ndefu nyembamba iliyosimama kwenye kimiminiko huku imebeba jengo kichwani. Kwetu hapa tabaka linaloweza kuyeyuka lina unene wa mita 8. Ukiugawa urefu huo kwa robo ya kipenyo cha paili, yaani milimita 100, unapata 80. Bhattacharya na wenzake wa Cambridge walipozipitia paili zilizovunjika na zilizopona katika matetemeko mbalimbali, kwenye andiko lao la mwaka 2004, waliona kwamba zilizovunjika kwa kawaida zilizidi 50 kwa kipimo hicho. Kijana alikuwa hajaipiga hesabu hii. Aliangalia uwezo wa paili kubeba mzigo wa kushuka chini, ambao ulikuwa unatosha na kubaki, akaridhika.

Tena kuna kusukumwa. Tabaka la juu lililo kavu, mita 1.5 kwa kiwanja hiki, haliyeyuki. Hukaa juu ya mchanga ulioyeyuka, na ardhi ikiwa na mteremko hata mdogo kuelekea mto au bahari, tabaka hilo huteleza kwa pamoja na kuziegemea paili njiani. Kisa kinachonikaa kichwani ni cha jengo la NHK, shirika la utangazaji la Japani, mjini Niigata. Tetemeko la Niigata lilikuwa tarehe 16 Juni 1964, ukubwa wa karibu 7.5. Jengo hilo la ghorofa nne lilikuwa juu ya paili za zege za kipenyo cha sentimita 35 na urefu wa mita 11 hadi 12, vipimo ambavyo havitofautiani sana na vya mzee wetu. Likaendelea kutumika. Baada ya miaka kama 20 walipochimba ili kujenga upya, ndipo walipokuta paili zimevunjika sehemu mbili, karibu na juu na karibu na chini, mipakani kati ya udongo ulioyeyuka na usioyeyuka, kwa sababu ardhi ilikuwa imesogea kati ya mita 1 na 2. Watu walikuwa wakiingia na kutoka ofisini miaka yote hiyo bila kujua wamesimama juu ya nini. Mji huo huo, siku hiyo hiyo, Daraja la Showa ambalo lilikuwa jipya kabisa liliangusha vipande vyake mtoni.

Mzee alisikiliza kisa cha NHK kwa makini kuliko hesabu zote. Mtu wa biashara huelewa haraka hasara isiyoonekana.

Sasa kiwanja. Anayetembea Malindi anajua ardhi yake si moja. Ukisimama kwenye rasi ya Mnara wa Vasco da Gama unakanyaga mwamba wa matumbawe. Ukienda kaskazini kuelekea mdomo wa Sabaki unakanyaga mchanga, na mchanga huo mwingi ni mgeni: mto umeushusha kutoka bara, na ndiyo maana ufuo wa mji umepanuka hadi bahari imerudi nyuma, na msimu wa mvua maji ya bahari yanakuwa ya rangi ya udongo. Mchanga uliotua karibuni, haujawahi kubanwa na kitu, umejaa maji: hiyo ndiyo sifa kamili ya udongo unaoyeyuka.

Mashimo ya uchunguzi yalichimbwa mawili, moja upande wa bahari chini ya mnara wa tangi, jingine upande wa bara. Kipimo kilikuwa kile cha kawaida: nyundo ya kilo 63.5 inadondoshwa kutoka milimita 760, unahesabu mapigo ya kuzamisha kipimio milimita 300 baada ya zile 150 za mwanzo. Upande wa bahari mapigo yalikuwa machache, dalili ya mchanga uliolegea: 4, 5, 6, hivyo hivyo mpaka kina cha mita 9.5 ambapo mwamba ulianza na nyundo ikagoma. Mchanga ulikuwa safi, wa chembe za wastani, tope kidogo sana. Ripoti ilikuwa na kurasa nyingi za shimo hilo.

Shimo la bara lilikuwa na aya moja: "hali kama shimo la kwanza". Sikuipenda aya hiyo. Nikaomba masanduku ya sampuli yafunguliwe, na fundi wa kuchimba, mtu mzima asiyesema sana, akaniletea moja bila kuulizwa mara ya pili. Alikata kipande cha kijivu chenye ukubwa wa ndimu, akakilowesha, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto na kukigongagonga kwa mkono wa kulia. Uso wa kipande ukang'aa maji. Akakibinya kwa vidole. Mng'ao ukatoweka, kipande kikawa kikavu na kugawanyika. "Huu si mchanga, Injinia," akasema, "na udongo wa mfinyanzi si huu." Ni kipimo cha zamani na hakihitaji maabara: mfinyanzi haung'ai hivyo, mchanga safi hausubiri kubinywa. Lilikuwa ni tope laini la mto, limekaa kwa matabaka membamba kati ya mchanga, sentimita kumi hapa, thelathini pale. Tukatia kipande kingine kwenye chupa ya maji na kuitikisa. Mchanga wa shimo la bahari ulitua chini papo hapo na maji yakabaki meupe. La shimo la bara, chai iliisha na chupa bado ilikuwa na rangi ya Sabaki.

Kwa maoni yangu uamuzi wote wa kisa hiki ulikuwa kwenye chupa hiyo, si kwenye ramani ya matetemeko.

Tuliendelea na hesabu kwanza, tujue kama mchanga wa upande wa bahari unayeyuka kweli. Tulichukua mtikiso wa mchapuko wa sehemu moja ya kumi ya mvutano wa dunia, tukaupitisha kwenye njia rahisi iliyoanzishwa na wahandisi Seed na Idriss mwaka 1971 na kuboreshwa na wengine baadaye. Mapigo 5 ya kina cha mita 6, yakisharekebishwa kwa kina na urefu wa vyuma, yanakuwa kama 6. Tetemeko likiwa la ukubwa wa 6, uwezo wa mchanga unagawanywa kwa mtikiso na kutoa 1.37, yaani zaidi ya 1. Hauyeyuki. Likiwa la ukubwa wa 7, kwa mchapuko ule ule, jibu ni 0.92, chini ya 1. Unayeyuka.

Kijana aliuliza kwa nini, ikiwa nguvu ya mtikiso ni moja. Ni kwa sababu tetemeko kubwa hutikisa kwa muda mrefu. Hesabu hizi huligeuza tetemeko la ukubwa wa 7.5 kuwa mizunguko 15 hivi yenye nguvu sawa, na la ukubwa wa 6 kuwa 5 au 6. Kila mzunguko unaongeza shinikizo kidogo. Mchanga wa mzee unaweza kustahimili mizunguko mitano, kumi unashindwa. Muda ndio adui, na hapo ndipo mfereji wima unapopata kazi: unashindana na muda.

Wazo la kutoa maji wakati wa mtikiso wenyewe liliwekwa kwenye hesabu na Seed na Booker mwaka 1977. Unazika nguzo za kokoto ardhini, zilizo karibu karibu, ili maji yasilazimike kupanda mita nyingi kwenda juu. Yaende kando nusu mita au mita moja tu, yaingie kwenye kokoto, yapande haraka. Siku hizi badala ya kokoto hutumika pia mabomba ya plastiki yenye matundu, yaliyovikwa kitambaa cha kuchuja. Huzuii mtikiso, wala huupi mchanga nguvu mpya. Unalizuia shinikizo lisifike juu. Lengo la kawaida la mchoraji ni libaki chini ya sehemu 0.5 au 0.6 ya ile akiba, yaani kwa kina chetu cha mita 6 lisizidi kilopaskali 40 hivi kati ya 67.

Na si nadharia ya darasani tu. Bandari ya Kushiro, kaskazini mwa Japani, ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.6 tarehe 15 Januari 1993. Kuta za gati ambazo mchanga wa nyuma yake ulikuwa haujashughulikiwa ziliharibika. Zile ambazo mchanga wake ulishindiliwa au kuwekewa mifereji ya kokoto zilibaki salama. Bandari moja, usiku mmoja, na ndiyo maana wahandisi wanaitaja mara kwa mara.

Haya, muda. Maji husafiri ndani ya mchanga kwa kasi inayotegemea upenyezaji wake na jinsi mchanga unavyobanika. Kwa mchanga safi wa upande wa bahari tulikadiria upenyezaji wa milimita 0.05 kwa sekunde. Bila mfereji wowote, maji ya kina cha mita 6 yanahitaji muda wa karibu dakika 6 kupunguza shinikizo lake kwa kupanda juu. Tetemeko haliwezi kusubiri dakika 6. Ukiweka mifereji kila mita 1.5, kila mfereji unahudumia duara la nusu kipenyo cha mita 0.8 hivi, na muda unashuka hadi sekunde 6. Hesabu ni ya haraka, inaweza kukosea mara mbili au tatu juu au chini, lakini hata sekunde 18 ni kitu tofauti kabisa na dakika 6. Mtikiso wenye nguvu wa tetemeko la ukubwa wa 7 huenda sekunde 20 au zaidi. Maji yanatoka wakati shinikizo likiwa bado linajengeka.

Tukafanya hesabu ile ile kwa tope la upande wa bara. Upenyezaji wake tuliuchukua kuwa mara 50 chini. Mfereji ule ule, umbali ule ule wa mita 1.5, bei ile ile: sekunde 6 zikawa dakika 5. Tetemeko limekwisha zamani, watu wameshatoka nje na wanapigiana simu, ndipo maji yanaanza kuingia kwenye bomba. Kuweka mifereji hapo ni kunywa dafu kwa mrija uliozibwa. Na ukitaka muda ushuke kwa kuisogeza mifereji karibu zaidi, hesabu inakupeleka kwenye umbali wa sentimita ishirini na kitu, jambo ambalo halijengeki na hakuna wa kulilipia.

Hapo mzee alicheka. "Kwa hiyo kalamu yangu ilikata nusu kwa haki."

Nusu ndiyo, ila si nusu aliyoitaka. Yeye alikuwa tayari, kwa shingo upande, kuweka mifereji chini ya vyumba vya baridi ambako kuna mali, na kuiacha chini ya mnara wa tangi. Mimi nilitaka kinyume chake. Mnara ni mzito juu, unayumba, paili zake ndizo zinazopata nguvu kubwa ya kupinda; na kwa bahati nzuri uko upande wa mchanga safi ambako mifereji inafanya kazi. Vyumba vya baridi viko upande wa tope ambako haifanyi. Jengo lenyewe lilikuwa limejipanga vizuri bila mtu kukusudia.

Kuhusu jinsi ya kuiweka tulivutana zaidi na mkandarasi kuliko na mzee. Yeye alitaka kuweka mifereji kwanza, kiwanja kikiwa wazi na mtambo unazunguka bila kugongana na kitu, paili zifuate. Mimi nilitaka paili kwanza. Paili ya kupigwa husukuma mchanga kando na kuubana. Ni faida ya bure, na kila pigo la nyundo huongeza. Mfereji ukitangulia, paili inayofuata inaweza kuusogeza, kuuvunja, au kuupaka tope. Mkandarasi ana hoja yake pia: mifereji ikitangulia hutoa maji wakati wa kupiga paili na kazi huenda vizuri zaidi. Kwenye mchanga safi hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa hiyo nilishikilia yangu. Kilichokuwa hakina mjadala ni njia ya kuchimba: isiwe ya kurusha maji kwa nguvu. Maji ya kurushwa hulegeza mchanga ule ule unaojaribu kuuokoa. Bomba la chuma lishushwe kwa kutikiswa, mfereji uingie ndani yake, bomba litolewe. Mtikiso huo nao hubana mchanga kidogo.

Mifereji haikai katikati ya paili tu. Huzunguka kundi lote na kutoka nje yake safu kadhaa, kwa sababu shinikizo la mchanga usio na mifereji lililo jirani hupenya kuja upande uliotibiwa. Mchoro wa kwanza ulisimamisha mifereji kwenye ukingo wa kofia ya zege inayofunga vichwa vya paili. Tuliongeza safu mbili nje yake, na upande wa bahari ambako ardhi inateremka tukaongeza ya tatu.

Kitambaa cha kuchuja kilitula muda mrefu. Kikiwa na matundu makubwa, mchanga unaingia na kuujaza mfereji. Kikiwa na matundu madogo mno, tope linakipaka na kukiziba. Kwa kokoto kuna kanuni inayotokana na kazi ya mhandisi wa udongo Terzaghi: saizi ambayo asilimia 15 ya kichujio ni ndogo kuliko yenyewe isizidi mara 4 au 5 ya saizi ambayo asilimia 85 ya mchanga ni ndogo kuliko yenyewe. Kwa sampuli za upande wa bahari kanuni hiyo ilitimia bila shida kwa kokoto ndogo iliyooshwa. Neno muhimu ni iliyooshwa. Kokoto za Malindi zinazotokana na kusagwa kwa mawe ya matumbawe huja na vumbi jeupe jingi, na vumbi hilo likilowa ni tope. Mwishowe tulichagua mabomba yenye kitambaa kwa mifereji yenyewe, na kokoto iliyooshwa kwa tabaka la juu.

Tabaka hilo la juu ndilo ambalo kwenye mchoro wa kwanza halikuwepo kabisa. Mifereji ilipanda, ikafika chini ya zege, ikaishia hapo. Maji yatoke wapi? Mfereji uliozibwa kichwani hujaa kwa sekunde moja na kazi yake imekwisha. Kuna sharti la tabaka la kokoto chini ya zege, lenye nafasi ya kupokea maji, na lenye njia ya kuyatoa nje hadi hewani, juu ya maji ya ardhini. Na maji ya ardhini hapa hayakai mahali pamoja. Bamvua, siku za maji makubwa, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na karibu na ufuo maji ya chini huifuata. Kipimo cha mita 1.5 kwenye ripoti kilichukuliwa maji mafu, siku za maji madogo. Niliomba kipimwe tena bamvua, maji yakiwa yamejaa, na yalikuwa juu zaidi. Tukainua tabaka la kokoto, na hesabu ya kuyeyuka tukaipiga upya kwa maji ya juu. Ilikuwa mbaya kidogo kuliko mwanzo, kama ilivyotarajiwa.

Maji ya bahari hupumua ndani ya mifereji hiyo kila siku, ndani na nje, tetemeko lisitokee hata miaka hamsini. Na kila mara yanaweza kubeba chembe kidogo. Kwa sababu hiyo mabomba manne tumeyaachia vifuniko vinavyofunguka sakafuni. Kila mwaka, baada ya mvua za masika, mtu apime kina chake kwa kamba yenye uzito ajue kama mchanga umeingia, kisha apige pampu na kuangalia maji yanarudi upesi kiasi gani. Mfereji ambao hakuna anayeukagua mimi siuhesabu.

Kuna jambo moja ambalo mzee hakulifurahia, na ilibidi lisemwe waziwazi. Mifereji haizuii ardhi kushuka. Kila lita ya maji inayotoka ni nafasi ambayo mchanga unaijaza kwa kushuka. Mchanga uliolegea ukiyeyuka kabisa unaweza kupungua asilimia 3 au 4 ya unene wake. Kwa mita 8 hiyo ni sentimita 24 hadi 32. Shinikizo likizuiwa lisifike huko, kushuka kunapungua sana, lakini hakuishi. Paili zimekaa kwenye mwamba, hazishuki. Ardhi inayozizunguka inashuka, na inaposhuka inazivuta paili chini kwa msuguano, mzigo juu ya mzigo. Hilo tuliliongeza kwenye hesabu ya kila paili ya mnara. Na sakafu ya ukumbi wa samaki, ambayo mchoro uliilaza moja kwa moja juu ya ardhi, itashuka huku kuta zikibaki. Bomba la maji linaloingia jengoni litakatika hapo hapo kwenye mpaka. Tukaweka viungo vinavyonyumbulika kwa mabomba ya maji na ya gesi ya kupozea, yaani amonia. Amonia ikivuja ni balaa ya peke yake.

Upande wa bara, kwa kuwa mifereji haifai, zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni kushindilia, lakini mchanga wenye tope haukubali vizuri; mtikiso unaobana mchanga safi haulipati tope. Tukaongeza unene wa paili badala yake: kipenyo kikapanda hadi milimita 600, hivyo ile hesabu ya 80 ikashuka hadi karibu 53, na nondo zinazozungushwa kama springi zikawekwa kwa ukaribu juu na chini, sehemu zile zile ambako paili za NHK zilivunjika. Idadi ya paili ikapungua kwa kuwa kila moja inabeba zaidi. Kipimo cha 53 bado kiko juu kidogo ya 50, na kijana aliniuliza kama nitatia sahihi. Nilitia, kwa sababu tope limekaa kwa matabaka tu, kati yake kuna udongo ambao kwa hesabu zetu hauyeyuki wote kwa pamoja, na jengo upande huo ni la chini na jepesi. Mwenzangu mwingine angeweza kudai milimita 700, nisingebishana naye sana.

Gharama ya mifereji ikashuka hadi chini kidogo ya theluthi moja ya ile ya mstari uliokatwa. Gharama ya paili za bara ikapanda. Jumla ilizidi alichotaka mzee na haikufika alichoandika kijana. Mzee alichukua kalamu yake, safari hii ya buluu, akauliza jambo moja tu: nani atakayepima yale mabomba manne kila masika akishakufa yeye. Tuliandika jina la cheo, msimamizi wa mtambo wa barafu, kwenye kitabu cha matengenezo, pamoja na kina cha kila bomba siku ya kukabidhiwa, ili anayekuja baadaye awe na cha kulinganisha.